UZI: Ketamini, uyoga na vikundi vya kijijini. Nilichokisoma kuhusu tiba mpya za dipresheni

Mwenye_Duka_Arua (mwanzisha uzi)

Habari zenu wote humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke, ila mwenye mgonjwa nyumbani namwomba asome mpaka chini.

Mi nina duka dogo la dawa hapa Arua, Uganda. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja mpole, kavaa vizuri, akangoja wateja wote waondoke ndo akaniuliza kwa sauti ya chini, dada una ketamini? Nikashtuka. Ketamini si dawa ya duka kama langu, ni dawa ya usingizi, ndo ile wanayomchoma mtu kabla ya kumpasua, hasa kwenye vituo ambavyo havina mashine ya usingizi. Nikamuuliza ya kazi gani. Akatoa simu akanionyesha video, mzungu anasema dipresheni, yani ule ugonjwa wa huzuni nzito, inaisha ndani ya masaa machache. Akaniambia dada tangu mwezi wa pili silali, chakula nakitafuna kama udongo, nataka tu kitu kinisimamishe.

Sikumuuzia kwa sababu sina, na hata ningekua nayo nisingemuuzia. Nilimvutia kiti tukakaa mpaka jioni, kesho yake nikafunga duka nikampeleka hospitali ya rufaa kwa watu wa afya ya akili, na anaendelea nao. Lakini ndani ya wiki mbili wakaja wengine wawili na video ileile, mmoja mama mtu mzima kabisa.

Nikaona nisinyamaze, manake haya mambo yamepita nyumbani kwetu. 2017 dadangu alijifungua mtoto wa pili akabadilika, mtoto analia yeye anaangalia ukuta. Kliniki moja, sitaitaja, ilimtundikia dripu za malaria mara tatu na kipimo hakijaonyesha malaria hata mara moja. Shangazi akasema ni majini. Mama akasema ni mume. Ikapita miezi saba ndo tukapata mtu wa kutuambia huu ni ugonjwa, una jina na una tiba. Hiyo miezi saba inaniuma mpaka leo. Sasa mwezi mzima huu nimekua nasoma usiku, binamu yangu anayesoma unesi ananisaidia pale Kiingereza cha madaktari kinaponishinda.

Tuanze na tulipotoka, fupi tu. Dawa za dipresheni za kwanza zilipatikana bila mtu kuzitafuta. Mwaka 1952 hospitali ya Sea View kule New York walikua wanawajaribia wagonjwa wa TB dawa mpya, moja inaitwa iproniazidi, watu waliokua wanangoja kufa wakaanza kuchangamka, wanakula, wanapiga soga wodini. Miaka michache baadaye daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, akaona imipramini inawainua watu wenye huzuni nzito, na hiyo imipramini ni ndugu wa amitriptilini ambayo wengi wenu mmeshaiona. Mwisho wa 1987 Marekani ikaruhusu Prozac, yani fluoksetini, nayo iko hata kwenye hospitali zetu.

Hizi zote zinacheza na kemikali za ubongo kama serotonini. Sasa hapa pana fumbo. Ukimeza kidonge leo serotonini inaguswa leoleo, lakini nafuu inakuja baada ya wiki mbili, nne, hata sita. Kama ugonjwa ungekua ni upungufu wa serotonini tu kama tunavyosikia redioni, mbona mtu hapati nafuu siku hiyohiyo? Hilo swali ndo lililowasukuma wanasayansi watafute kwingine. Na kingine, 2006 Marekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa unaitwa STAR*D, wagonjwa kama 4,000, dawa ya kwanza ilimaliza dalili kwa kama theluthi moja ya watu. Theluthi! Wengine ilibidi wabadilishiwe, waongezewe, na kuna waliojaribu nne hawakupona.

Sisemi vidonge ni bure, mtu asije akaenda kutupa dawa zake kwa sababu yangu. 2018 kuna watafiti walikusanya majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000, dawa 21 zilizochunguzwa zote zilishinda kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, ingawa si kwa mbali. Dadangu alisimama na fluoksetini wiki ya sita. Wiki ya tano alikua ashaanza kusema haimsaidii.

Ketamini naileta chini, network inasumbua.

Boda_wa_Busia

Dada leta haraka, mi hiyo video nimeiona mara tatu. Inafanya kazi kweli au ni maneno ya mtandao tu?

Mwenye_Duka_Arua

Kaka, video haikudanganya kabisa, ila imekata mkia wa habari.

Ketamini ilitengenezwa 1962, ikaruhusiwa kama dawa ya usingizi Marekani 1970. Mwaka 2000 watu wa chuo cha Yale waliwachoma wagonjwa wachache sana, saba tu, kipimo kidogo cha ketamini, na ndani ya siku tatu hali ikawa afadhali. Saba ni wachache mno. 2006 kundi la daktari mmoja wa Marekani, Zarate, likarudia kwa wagonjwa 17 ambao dawa nyingine zilikua zimewashinda, nafuu ikaanza kuonekana ndani ya masaa mawili, kesho yake kama asilimia 71 wakawa wamepata unafuu mkubwa. Kwa ugonjwa ambao tumezoea kungoja wiki sita hilo lilikua jambo kubwa, mi mwenyewe nilisoma mara mbili.

Lakini huo mkia sasa. Baada ya wiki moja waliobaki na huo unafuu walikua kama asilimia 35. Inapanda haraka inashuka haraka, ndo maana wanaoitumia wanarudia rudia.

Inavyofanya kazi, kwa ninavyoelewa mimi. Ketamini haianzii kwenye serotonini, inagusa kemikali nyingine inaitwa glutameti. Kwenye panya wameona kwamba viungio vya seli za ubongo vilivyonyauka kwa mateso ya muda mrefu vinaota tena baada ya ketamini. Fikiria njia ya kwenda kisimani, watu wakiacha kupita inaota majani mpaka huioni. Vidonge vya zamani vinaifyeka polepole kwa wiki kadhaa, ketamini inaonekana inaifungua kwa siku moja, ila watu wasipoanza kupita tena majani yanarudi.

Mwaka 2019 Marekani wakaruhusu ndugu yake, esketamini, ya kupuliza puani, jina la dukani Spravato. Na hapa naomba msome vizuri: hawampi mtu aende nayo nyumbani. Unapulizia mbele ya mhudumu, unakaa pale si chini ya masaa mawili wanakupima presha, huendeshi chombo mpaka kesho yake ushalala. Manake inapandisha presha, na akili inatoka kidogo, mtu anajiona kama anaelea nje ya mwili. Mtu akiizoea na kuitumia ovyo inamharibu kibofu cha mkojo. Sasa wewe unataka uichome chumbani peke yako, umeinunua kwa mtu aliyeiba kwenye chumba cha upasuaji. Hapana kaka.

Fundi_Simu_Mbarara

Na uyoga je? Kuna jamaa kaniambia kuna uyoga unatibu mawazo, kwetu mvua ikinyesha uyoga uko mwingi

Mwenye_Duka_Arua

Fundi tafadhali usile uyoga usiouelewa, kuna unaoua ini na mtu anazikwa.

Kitu wanachochunguza kinaitwa psilosaibini, kimo kwenye aina fulani za uyoga, ila kwenye majaribio kinatolewa kama dawa iliyopimwa kabisa. 2016 London walianza na watu 12. 2022 likaja jaribio la watu 233, dozi moja tu ya miligramu 25, baada ya wiki tatu waliopata dozi hiyo walikua na nafuu kuliko waliopata dozi ndogo ya miligramu moja. Kwa muda wote dawa iko kichwani mgonjwa analazwa kwenye chumba tulivu, kuna mtu aliyefunzwa amekaa pembeni yake masaa sita mpaka nane, na kabla na baada wanaongea naye. Baadhi ya washiriki walipata mawazo ya kujidhuru, hata hilo limeandikwa. Australia tangu Julai 2023 madaktari wa akili walioidhinishwa wanaweza kuitoa. Ni utafiti wa maana, lakini hiyo ya kuchuma uyoga shambani si utafiti.

Unesi_Mwaka_wa_Tatu

Mi ndo binamu mwenyewe. Nataka kuongeza kitu ambacho dada hajakisema na ndo kilinifanya nikose usingizi.

Ukitaka kujua dawa inafanya kazi unagawa watu makundi mawili kwa kura, hawa dawa hawa kitu kitupu, na hakuna anayejua amepewa kipi. Sasa ketamini na uyoga utamficha nani? Mtu aliyeona dari inapumua anajua kabisa amepata ya kweli, aliyepewa maji ya chumvi naye anajua amekosa, anakata tamaa. Kwa hiyo ule unafuu ni wa dawa au ni wa tumaini?

Watu wa chuo cha Stanford, Marekani, walitafuta ujanja. Walichukua wagonjwa 40 wenye dipresheni ambao walikua wanaenda kupasuliwa kwa mambo mengine. Wakiwa wamelala kabisa kwa dawa ya usingizi nusu wakachomwa ketamini, nusu maji ya chumvi. Mgonjwa hawezi kujua. Matokeo yalitoka 2023: makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, hapakua na tofauti! Na ilionekana kwamba wale waliokua na matumaini zaidi toka mwanzo ndo waliopata nafuu zaidi.

Kuna wanaosema labda dawa za usingizi zenyewe ziliingilia, na hilo lina uzito. Lakini mi nimejifunza kuuliza swali moja kwa kila habari ya tiba mpya: imelinganishwa na nini?

Mzee_wa_Kasese

Watoto wangu nawasoma kwa heshima. Lakini mimi nina miaka 67 na utotoni sikuwahi kusikia hiyo dipresheni. Mtu alikuwa na huzuni, watu wanamzunguka, yanapita. Hamuoni kwamba tunachukua ugonjwa wa wazungu tunauleta kwetu ili tununue dawa zao?

Mwenye_Duka_Arua

Mzee wangu asante kwa kuuliza bila matusi, na swali lako ndo limenipeleka mahali ambapo mi mwenyewe sikupategemea, manake nilidhani utafiti wote uko Marekani na London.

Watafiti nao waliuliza swali kama lako. Walikwenda Rakai na Masaka, kule ambako ukimwi ulifagia nyumba kwa nyumba, na badala ya kufika na fomu zao wakaanza kwa kuwauliza wanakijiji, ugonjwa huu mkubwa umewaletea shida gani nyingine? Watu wakataja mambo yao kwa Kiganda chao, moja wanaliita okwekyawa, yani mtu kujichukia mwenyewe, na lingine la mtu kujihurumia mpaka hatoki. Walipoweka dalili hizo pembeni ya kile madaktari wanakiita dipresheni zikakaribiana sana. Halali, hali, hafanyi kazi, anaona hana thamani, anatamani afe. Jina ni la kigeni mzee wangu, maumivu yalikua yetu toka zamani.

Na hilo ulilosema la watu kumzunguka ndo walilolijaribu. Walichukua vijiji 30, kwenye vingine wakachagua wanaume wenye dalili hizo, kwenye vingine wanawake, kwa kura baadhi vikapata vikundi vya kuongea na vingine vikaendelea na maisha yao ya kawaida. Kikundi kinakutana mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 16. Hakuna daktari, hakuna kidonge. Anayeongoza ni mtu wa hukohuko, anaongea lugha yao, wanaume wanaongozwa na mwanaume, wanawake na mwanamke, amefunzwa wiki mbili tu. Wanatafuta pamoja huu uzito ulianzia wapi, ni msiba, ni ugomvi na mtu wa karibu, au ni maisha kugeuka ghafla kama mtu kuambiwa ana virusi, halafu wanasaidiana hatua ndogo ndogo za kufanya wiki hiyo.

Matokeo yalitoka 2003. Kwenye vijiji vyenye vikundi, mwanzo asilimia 86 ya hao waliochaguliwa walikua na dipresheni kamili, mwisho ikawa asilimia 6.5. Kwa wale wasiopata kikundi ilianza 94 ikawa 54.7.

Uliza swali la binamu sasa, imelinganishwa na nini? Ona kwamba hata wasiopata kitu karibu nusu walipata nafuu wenyewe, yakapita kama ulivyosema mzee. Ungewaangalia wale wa vikundi peke yao ungedhani yote ni kazi ya kikundi. Lakini ukishatoa ile ambayo ingepita yenyewe bado tofauti ni kubwa mno. Miezi sita baadaye wakarudi kuwapima, wa vikundi walikua bado wako vizuri.

Hii ilifanyika Uganda, kwetu hapa. Mi nimeuza dawa miaka 11 sijawahi kuisikia mpaka mwezi huu.

Binti_wa_Masaka

Banange! Okwekyawa ni neno la bibi yangu kabisa. Wakati ule nilikua mdogo, watu wakizikana kila wiki, kulikua na wanawake wanakaa chini ya mwembe kila Alhamisi wanaongea, sisi watoto tulifukuzwa. Sijui kama ndo hao au walikua wengine. Ila bibi alikua anarudi na sauti tofauti.

Mtu_wa_Gulu

Kwetu Acholi tuna maneno yetu, two tam, par, kumu. Par ni mawazo mengi yanayozunguka, kumu mtu anajikunyata kimya. Na kuna utafiti wa vikundi hivyohivyo ulifanyika Unyama na Awer, kambi za waliokimbia vita, vijana wa miaka 14 mpaka 17. Wasichana walipata nafuu. Wavulana haikuonekana wazi. Mi nilikua mvulana wa kambini, sikua kwenye utafiti, ila naelewa kwa nini. Wewe unakaa na wenzako unasema nini? Kila mmoja ameona yake na hakuna anayetaka alie mbele ya wenzake.

Mwenye_Duka_Arua

Kaka wa Gulu nimesoma maneno yako nikaweka simu chini kwanza. Pole sana. Ni kweli, 2007 ndo walitoa hiyo, na ni vizuri hawakuficha kwamba wavulana haikuwasaidia wazi, manake mwingine angeandika "vijana walipona" basi. Lakini Rakai wanaume wazima walisaidika, kwa hiyo si kwamba mwanaume hawezi. Labda umri, labda kambi, labda vita ilikua bado inaendelea.

Na hukohuko kwenu kuna utafiti mwingine ambao ndo naupenda kuliko yote. Daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere na wenzake, Gulu, Kitgum na Pader, vituo vya afya 30, watu 1,140 wanaoishi na virusi vya ukimwi na wana dipresheni. Nusu ya vituo wagonjwa walipata kikundi cha kusaidiana, mikutano minane, wanaongea yaliyo moyoni, wanajifunza namna ya kuyabeba, na mwishoni wanafundishwa biashara ndogo ya kuingiza hela. Anayeongoza ni mhudumu wa kawaida wa jamii. Vituo vingine je? Hawakuachwa tu, nao walipata kikundi, ila cha elimu ya virusi. Mnaona werevu wake? Kwa hiyo huwezi kusema ni ile kukaa pamoja na kupata soda tu, manake wote walikaa pamoja.

Miezi sita baada ya kumaliza, kwenye kundi la kwanza wenye dipresheni walikua watu 2 kati ya 578. Kundi la elimu 160 kati ya 562. Ilitoka 2020. Nimeandika hizo namba kwenye karatasi nimebandika ukutani dukani.

Hapa kwetu jirani nako, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, walijaribu kitu kinaitwa Self-Help Plus na wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini, 694, vijiji 14. Hii ni rahisi zaidi, mikutano mitano ya masaa mawili, sauti imerekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, kuna kitabu cha picha, wanawake 20 mpaka 30 wanasikiliza pamoja. Mara baada ya mikutano mzigo ulipungua vizuri, miezi mitatu baadaye tofauti ilikua bado ipo lakini ndogo. Sitaki kuipamba. Lakini kwa watu wengi hivyo, bila daktari, kwa rekodi na kitabu, hata nafuu ndogo ina maana yake.

Boda_wa_Busia

Sasa dada hapo mi nachanganyikiwa. Ina maana dawa mpya hazina haja, tukae tu chini ya mwembe?

Mwenye_Duka_Arua

Hapana kaka, sijasema hivyo na sitasema. Kuna mtu amefika mahali hawezi hata kunyanyuka kitandani aende mwembeni, hali siku nne, anataka kufa leo. Huyo anahitaji hospitali na dawa, na mi natamani siku moja kuwe na kitu cha haraka na salama cha kumvusha wiki hizo za mwanzo. Ndo maana utafiti wa ketamini usiachwe. Kuna pia ile tiba ya kuuchochea ubongo kwa mashine ya sumaku kichwani, Stanford waliifanya mara kumi kwa siku kwa siku tano, wengi walipona ndani ya mwezi, ila lilikua jaribio la watu 29 tu, na mashine na umeme wake ni habari nyingine.

Ninachokataa ni mtu kuambiwa tiba iko mbali na ghali halafu anakata tamaa au anaenda kununua kichupa cha wizi, wakati kuna kitu kimepimwa kwenye vijiji vyetu kikashinda. Kuna shirika linaitwa StrongMinds, wanaendesha vikundi vya namna ileile ya Rakai hapa Uganda kwa miaka mingi sasa, hasa kwa wanawake. Kwa nini kila kituo cha afya kisiwe na kikundi? Kuongoza kunafunzwa wiki mbili! VHT wetu, wale wahudumu wa afya wa kijijini, wanafunzwa malaria, chanjo, vyandarua. Hili linawashinda vipi? Sijapata jibu na linaniudhi sana.

Unesi_Mwaka_wa_Tatu

Na kwa wale kama dada yake, waliougua baada ya kujifungua. Agosti 2023 Marekani waliruhusu kidonge kinaitwa Zurzuvae, ni zuranoloni, siku 14 tu unamaliza. Wazo lake ni zuri. Wakati wa mimba homoni fulani inapanda sana, ukijifungua inaanguka ghafla, na kitu kimoja kinachotokana nayo ndo kilikua kinatuliza ubongo. Dawa inafanya kazi kama kile kilichoanguka. Nafuu ilionekana kuanzia siku ya tatu kwenye jaribio.

Bei yake walipoitoa ni dola 15,900 kwa hizo siku 14. Ni zaidi ya shilingi milioni 50 za Uganda. Natamani niishi mpaka siku nitakayoikuta kwenye kabati la wodi ya wazazi, manake mi mtoto wa dada yetu nilimbeba mimi ile miezi saba.

Mzee_wa_Kasese

Nimesoma yote. Nina kijana wangu hapa nyumbani. Nitaongea naye leo, na safari hii nitanyamaza yeye ndiye aongee.

Mama_wa_Koboko

Dada wa Arua nimekua nasoma tu, leo naandika. Mdogo wangu alikua dereva wa lori la Juba. Kuna kitu kiliwapata njiani hataki kusema. Toka amerudi miezi minne anashinda ndani, mlango amefunga, watoto wake hawataki kumkaribia. Jana kamwambia mke wake nguo zangu wagawie watu. Nikimwambia twende hospitali anasema mi si mwendawazimu. Nifanye nini

Mwenye_Duka_Arua

Mama, hilo la kugawa nguo lisingoje hata siku moja. Leo usiku asilale peke yake, na dawa zote za wadudu za shambani, kamba na vidonge viondoke ndani, fanya kimyakimya. Halafu kaa naye muulize wazi, mdogo wangu unafikiria kujiua? Usiogope, wataalam wanasema kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, mara nyingi anashusha pumzi kwamba kuna mtu ameona.

Usimwambie twende kwa wagonjwa wa akili. Mwambie hulali, hebu twende tukatafute usingizi, nisindikize. Usingizi wanaume wanaukubali. Na kama hali itabadilika usiku msingoje asubuhi, nendeni hospitali iliyo karibu. Nimekutumia namba yangu kwenye ujumbe wa ndani.

Mtu_wa_Gulu

Mama mwambie kuna mwanaume wa Gulu yuko tayari kuongea naye kwa simu. Si lazima aseme kitu, hata nikiongea mimi tu.

Mama_wa_Koboko

Nilimuuliza. Alikaa kimya sana halafu akalia, sijawahi kumwona akilia toka baba afe. Ameongea na huyo kaka wa Gulu karibu saa nzima, sijui wameongea nini, alikua nje. Amekubali tuje, ila kasema tuondoke mapema watu wasituone. Tunapanda teksi ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mwenye_Duka_Arua

Nitawangoja pale paki. Jirani atanishikia duka.